Maili Moja ya Kila Siku

Mume wangu Arden alikimbia kila siku kwa miaka thelathini na miwili. Sisemi karibu kila siku. Nasema kila siku, pamoja na Krismasi, pamoja na mafua, pamoja na siku aliyopasuliwa ngiri na daktari akamwambia alale. Watu wa namna yake wana sheria moja na hawaitanii: maili moja isiyopungua, kila siku ya Mungu, kwa miguu yako mwenyewe. Ukikosa siku moja mfululizo wako umekufa, kesho unaanza kuhesabu moja. Siku ya kumzika mama yake alizunguka kanisa akiwa na suruali ya suti, huku mchungaji amemshikia koti.

Nilimwona ana kichaa, na nilimwambia hivyo kwa miaka mingi. Kisha nikastaafu kazi ya maktaba nikiwa na miaka sitini na moja, nikakaa nyumbani wiki mbili nikitazamana na kuta, nikaenda kununua viatu.

Sikuumbwa kwa mbio. Nina makalio ya mama yangu na pumzi za baba yangu, ambaye alivuta sigara mpaka kaburini. Wiki ya kwanza nilikimbia kutoka kwetu mpaka kwenye sanduku la barua la jirani, nikatapika juu ya theluji yake. Lakini ilipofika Julai nilimaliza maili nzima bila kusimama, nikaketi kwenye benchi linalotazama ziwa, nikalia kama mtoto. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba katika umri ule bado kuna jambo unaweza kulifanya kwa mara ya kwanza.

Tukawa tunakwenda wote kwenye kikundi cha wazee cha Jumamosi. Kiongozi wetu alikuwa Gordy Maki, mwenye miaka sabini na sita na mdomo usiozeeka.

"Leo nani kavaa nepi?" aliuliza kila mara kabla hatujaondoka.

"Sote!"

"Na nani goti lake limegoma?"

"Uliza ambaye halijagoma, tutamaliza mapema!"

Tulikimbia maili tatu, tukala pankeki za maili kumi. Arden alitangulia mbele na wenye kasi, mimi mkiani na wenye maneno. Sikuwahi kumpita hata siku moja. Akifika mwisho alisimama akinisubiri, saa mkononi, akicheka. Hiyo ilikuwa raha yangu, na sikujua kuwa ilikuwa na mwisho.

Alianza kwa kusahau funguo, kama watu wote. Akasahau jina la mkwe wetu, jambo ambalo sikumlaumu sana. Halafu, majira ya baridi ya mwaka juzi, alirudi kutoka kukimbia, akavua viatu, akanywa maji, akageuka akaviona viatu vile vile mlangoni. Akashtuka.

"Marlys! Jua linazama, sijakimbia!"

"Umekimbia, mzee. Umeingia sasa hivi. Hebu shika shati lako, limelowa."

"Usinichezee. Miaka thelathini na mmoja hii!"

Nikamwonyesha daftari lake, alipoandika kwa mkono wake: maili moja, upepo mkali. Alipitisha kidole juu ya ule mwandiko.

"Huu umeandika wewe," akasema. Akavaa viatu, akatoka.

Ikawa mara mbili kwa siku. Ikawa mara tatu. Nikificha viatu alitoka na ndara. Nikifunga mlango alilia, na kilio cha mwanamume wa miaka sabini na tatu aliyesimama mbele ya kitasa sikuweza kukivumilia. Alikonda, suruali zikawa zinamvuka. Mwezi wa Oktoba walimkuta kwenye kituo cha mafuta, maili tisa kutoka nyumbani, soksi zimeganda damu.

Binti yetu Signe akaja siku hiyo hiyo kutoka Minneapolis. Ni mtoto mwema, tena ana akili, ndiyo maana hakuna kubishana naye.

"Mama, mara moja tena," alisema. "Akipotea mara moja tena, au wewe ukiumia kwa sababu yake, anakwenda kwenye kituo cha kutunza wazee. Chumba kipo. Fomu nimeshajaza."

Alisema juu ya kile kituo cha mlimani, ambako milango hufunguliwa kwa kubonyeza namba. Wahudumu ni wapole na sakafu zinang'aa. Lakini hakuna atokaye kwenda kukimbia.

"Nitakimbia naye mimi," nikasema. "Kila akitoka, natoka."

"Una miaka sabini, Mama."

"Na miguu miwili."

Alinitazama kwa huruma, nikachukia ile huruma. Lakini alikubali. Nilitia saini kwamba ni mara moja tena tu.

Niseme kwa nini nilimng'ang'ania hivyo, maana watu wanadhani ni ukaidi. Nyumbani Arden alikuwa amekwisha. Alikaa kwenye kiti akisugua mikono, akinitazama kama mhudumu aliyechelewesha kahawa. Lakini tukitoka tukakimbia hatua mia nne hivi, mabega yalishuka, pumzi ikakaa sawa, na mume wangu akarudi.

"Marlys, unakanyaga kama unaua mende," alisema.

"Na wewe unakimbia kama unadaiwa."

Alicheka. Akaniuliza habari za Signe kwa jina lake. Siku moja akaniambia, bila kupunguza mwendo, "Najua ninaumwa. Usiniache." Tulipofika mlangoni alikuwa ameshaondoka tena. Basi hiyo robo saa ndiyo ndoa niliyobaki nayo, na niliilipia kwa magoti, kwa nyonga, na kwa kibofu kisichojua adabu. Wakati mwingine mara tatu kwa siku.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya Januari, saa nane mchana, mbio ya pili. Baridi ilikuwa imeshuka chini ya sifuri na jua lilikuwa kali, jua la uongo lisilopasha kitu. Arden alikuwa ameshafungua mlango nami sijavaa vile vyuma vya kushika barafu chini ya viatu. Nikajiambia, maili moja tu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Njia yetu ilikuwa moja: kutoka nyumbani kufuata njia ya miguu kando ya ziwa mpaka daraja la chuma, nusu maili, kisha kugeuka. Karibu na daraja nilikanyaga barafu iliyofunikwa na unga wa theluji. Niliusikia mfupa wa nyonga kabla sijasikia maumivu. Arden alikuwa hatua tano mbele, kofia ya sufu imemziba masikio. Nilimwita. Hakugeuka.

Nilijaribu kuinuka nikaona giza. Simu ilikuwa mfukoni. Nikaitoa, nikavua glavu, nikaishika, na sikubonyeza. Gari la wagonjwa likija wataandika, Signe atapigiwa, na kabla ya wiki kwisha Arden atakuwa nyuma ya ile milango ya namba. Nikawaza: atageuka darajani, atanikuta, atanishika mkono, nitarukaruka kwa mguu mmoja mpaka nyumbani, nitasema nimeanguka jikoni. Miaka thelathini nimekaa katikati ya vitabu, na huo ndio mpango niliokuja nao.

Nikamwona anarudi. Mwendo wake ule ule mzuri, viwiko ndani, kichwa juu. Moyo ukatulia.

"Kushoto kwako, mama!" akaita, kama tunavyotahadharisha watu tunapowapita njiani. Akanikwepa kwa adabu, akapita.

"Arden! Ni mimi! Marlys!"

Aliinua mkono bila kugeuka, kama mtu anayeshangiliwa, akaenda zake.

Kwanza nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Kisha hasira ikaisha, nikabaki na hofu tupu, mguu ukiwaka moto na sehemu nyingine zote zikifa ganzi. Ndipo nikakumbuka: atafika nyumbani, atavua viatu, atakunywa maji, ataviona viatu. Mwaka mzima nilikuwa nimeulaani ugonjwa ule. Sasa nililala juu ya barafu nikimwomba Mungu mume wangu asahau. Asahau haraka, asahau sasa hivi, asahau kama hajawahi kusahau. Mungu anisamehe.

Saa nane na nusu. Njia tupu, nani atoke kwenye baridi ile? Saa nane na dakika arobaini nikamwona anakuja, na furaha yangu haikudumu. Hakuwa na koti. Hakuwa na kofia wala glavu. Alikuwa na shati la mikono mirefu tu, na masikio yake yalikuwa meupe kama nta.

Safari hii sikumwita kwa jina.

"Mkimbiaji mwenzangu! Nimeanguka, nisaidie!"

Akasimama papo hapo. Akasimamisha kwanza ile saa yake ya kuhesabu maili, mkimbiaji ni mkimbiaji, kisha akainama.

"Pole, mama. Umeumia wapi?"

"Nyonga. Nguo zako ziko wapi?"

"Mimi sisikii baridi." Midomo yake ilikuwa ya buluu. "Una mtu wa kukusaidia?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Anakimbia."

Arden akanyooka, akatazama huku na huku, uso umemwiva kwa hasira. "Amekuacha hapa? Kwenye barafu? Mwanamume gani huyo!"

"Si kosa lake."

"Usimtetee! Mimi mke wangu hana kasi, anajivuta kama konokono, lakini simwachi. Nikimaliza, namsubiri. Kila siku." Akatazama njia aliyotoka. "Yuko nyuma kidogo. Akifika atakusaidia, ni mtu mwema sana. Mimi samahani, mama, sijamaliza maili yangu."

Nikamshika pindo la suruali. Akanibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, kwa upole uliokuwa ukinivunja kuliko lile anguko, akaondoka kuelekea darajani.

Hapo nikaona mwisho wa jambo. Angerudi nyumbani, angesahau, angetoka tena, kila mara na nguo pungufu, mpaka aanguke na yeye. Nilikuwa nikimlinda na milango ya namba, na baridi ilikuwa ikimla mbele ya macho yangu. Nikabonyeza tisa, moja, moja kwa kidole ambacho sikukisikia.

"Dharura yako ni nini?"

"Mume wangu ataganda," nikasema. "Njooni mumchukue." Mpaka dada wa kwenye simu aniulize mara ya pili ndipo nilipomwambia kwamba na mimi nimevunjika.

Aliporudi kutoka darajani nilikuwa nimeshavua koti langu.

"Ndugu, nisubirie mke wako hapa pamoja nami. Naogopa peke yangu. Na uvae hili, mimi nina joto."

"Koti la kike?"

"Nani atakuona?"

Akalivaa, mikono ikaishia kwenye viwiko. Akatazama saa. "Lakini bado karibu nusu maili."

"Si unaweza kuzunguka hapa hapa? Maili ni maili."

Uso ukamfunguka. Akaanza kunizunguka, duara dogo dogo, kama tunavyofanya sote kwenye maegesho ya magari ili saa ikamilishe hesabu. Nililala katikati nikihesabu hatua zake ili nisilale usingizi. Mume wangu alikimbia mwisho wa mfululizo wake kunizunguka mimi, na hakujua ni nani.

Wakaja wawili na machela, dada mmoja na kaka mmoja. Walinifunga, wakanibeba mpaka barabarani. Arden walimtupia blanketi. Walipomwelekeza mlango wa gari akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, kisha akautoa.

"Siwezi kuondoka. Namsubiri mke wangu."

"Mzee, hayo masikio yako yanaganda, tunaomba upande," dada alisema.

"Nimesema namsubiri! Akifika hapa asinikute, atafikiri nini?"

Yule kaka alimshika mkono, Arden akausukuma. Wakatazamana wale wawili, nikajua kinachofuata ni nguvu. Sikutaka aingie kule kwa nguvu.

"Ndugu," nikamwita kutoka kwenye machela. "Mkeo ni yule mwenye kofia nyekundu? Anayekanyaga kama anaua mende?"

"Huyo huyo! Umemwona?"

"Amekupita. Ulipokuwa unazunguka. Yuko mbele."

Arden akageuka kuitazama barabara. Kisha akacheka, kicheko kile cha Jumamosi ambacho nilidhani sitakisikia tena.

"Marlys? Kanipita mimi?"

"Kakuacha mbali."

"Lo! Haya, haya, twendeni!" Akapanda ngazi mwenyewe, akaketi kwenye kibenchi pembeni yangu, akagonga ukuta kumhimiza dereva. Mlango ukafungwa. Nikampa mkono, akaushika, maana alikuwa mtu mwenye huruma kwa wagonjwa. Akaushika njia yote mpaka hospitali, na hakunitazama hata mara moja, macho yake yako kwenye kile kidirisha cha mbele, akinitafuta barabarani.