Mabomba Yaliyopulizwa kwa Mdomo

Kanisa lilikuwa na vinanda vitatu vibovu: kimoja chake, viwili vya kuletewa kutoka makanisa yaliyofungwa. Katika hivyo vitatu, mwanawe Mama Fundi, mtu mzima mwenye ndevu zake, alitakiwa atoe kimoja kizima.

Miezi saba alishinda chumba cha nyuma, mabomba ya vinanda yamelazwa juu ya mabenchi kama wagonjwa wodini, mengine marefu kuliko mtu, mengine kama kalamu. Yale ya zamani yalikuwa ya madini ya risasi, mazito, na yameota unga mweupe. Aliukwangua kwa kisu, kisha akatia bomba mdomoni akapuliza, asikie kama sauti bado ipo. Likilia vizuri, analiandika namba. Likikoroma, anakwangua tena, anapuliza tena. Ndivyo alivyofundishwa na fundi mzee waliyemwita Pumzi.

Mama alimpelekea chakula kila saa saba mchana.

"Nawa kwanza, baba."

"Mama, nikinawa kila bomba, hiki kinanda kitalia siku ya kiyama."

Mama akacheka, Mungu amsamehe. Akampangusa unga midomoni kwa ncha ya kitambaa chake, akampa kijiko.

Likaanza tumbo kumsokota. Watu wakasema ni chakula, Mama akanuna wiki nzima, maana chakula ni chake. Kisha mwanawe akawa mkali wa bure. Kisha nyundo ikaanza kumponyoka. Mwezi wa saba kiganja cha kulia kilining'inia kama nguo mbichi kwenye kamba, akikiinua, hakiinuki.

Daktari alimtazama ufizi, akauliza kazi yake.

"Ni sumu ya risasi. Imeingia kwa mdomo, kidogo kidogo. Huo mkono siwezi kukuahidi."

Hapo ndipo Mama alipomkumbuka Pumzi. Mkono wake ulining'inia vile vile, na alizikwa kila mtu akimwita mlevi. Mama mwenyewe alimwambia mwanawe siku ya kwanza, "Jifunze kazi yake, usijifunze chupa yake." Chupa yenyewe hakuna aliyewahi kuiona.

Siku ya kuzindua, Mama alimfunga mwanawe vifungo vya shati, kimoja kimoja, hawatazamani. Kinanda kililia mpaka vioo vikatetemeka. Mzee wa kanisa akawashukuru wote, na fundi pia. Watu walipoinuka kuimba, kitabu cha nyimbo kikamponyoka fundi.

Mwanamke wa benchi la nyuma akamnong'oneza mwenzake, "Fundi hodari, ila chupa."

Mama akageuka. "Dada, si chupa. Ni hayo mabomba unayoyaimbia. Aliyapuliza kwa mdomo, na hakunawa, na mimi nilimwona."

"Pole, mama," yule akasema, akasogea kidogo, kana kwamba harufu ya pombe imemfikia.