Ndoo Zijae Asubuhi ya Mtihani

"Kampuni ya Taifa ya Vinu vya Nyuklia, kwa uzito wote unaostahili, inawatangazia wakazi wa jengo hili kwamba Alhamisi asubuhi ni marufuku kukatiza uani na ndoo tupu. Ndoo zote zijae."

Tangazo lilibandikwa kando ya lifti, na aliyeliandika hakuwa mkurugenzi wa chochote. Alikuwa Ostap, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, na mhuri aliuchonga kwenye kiazi kilichonusurika kuingia supuni.

Alhamisi hiyo dada yake, Zoriana, alikuwa anafanya mtihani wa leseni ya kuendesha kinu. Mara ya kwanza alifeli. Asubuhi ile Bibi Horpyna wa ghorofa ya pili alimkatizia njia na ndoo tupu, na kwao hata mtoto anajua kuwa huo ni mkosi. Zoriana alikuwa ameyameza masomo yote, lakini alifika chumba cha mtihani, kilichofanana swichi kwa swichi na kile cha kuongozea kinu, mikono ikimtetemeka. Akifeli tena hakuna kurudia. Atabaki kukagua pampu mpaka astaafu.

Ostap alidhani majirani watacheka tu, kisha waziache ndoo zao majumbani. Lakini katika mji ule umeme, maji ya moto na mishahara, vyote hutoka kwa Kampuni. Kampuni ikisema ndoo, ni ndoo. Zoriana alipotoka alikuta watu wamejipanga pande mbili kama gwaride, kila mmoja na ndoo imejaa pomoni. Mzee mmoja asiye na ndoo alikumbatia sufuria ya supu ya viazisukari, bado inafuka moshi. Bibi Horpyna alibeba ndoo mbili.

"Pita, mwanangu," alisema. "Safari hii usije ukanisingizia."

Zoriana alicheka mpaka akashika mlango, kisha akapita, kiatu kimoja chapachapa kwa maji yaliyomwagika ndooni. Kwenye mtihani watahini walimzimia pampu, wakamwashia ving'ora, wakampa vipimo vya uongo. Mikono yake ilitulia tuli. Akafaulu.

Jioni aliliweka tangazo mezani, akamwambia mdogo wake kwamba Kampuni haina idara ya ndoo. Ostap alijitetea kwa ufasaha wa wakili. Ulikuwa mzaha, alisema, wa kuwacheka washirikina. Yeye ni mtu wa sayansi, na ndoo ni ndoo.

"Sawa, bwana sayansi," dada yake alisema. "Na yule aliyejibanza nyuma ya geti na ndoo mbili, meno yakimgongana kwa baridi, alikuwa nani?"

Ostap aliitazama supu yake. Haikumsaidia.

"Mimi," alisema. "Na beseni la kuogea nililijaza, lisije likaleta balaa. Niliogopa kuliko wewe, dada. Ila wa bwenini wasijue."