Mtihani wa Taa ya Kijani

Gari lenyewe, tuseme ukweli, halikuwa na ubaya. Lilikuwa dogo, la rangi ya fedha, na viti vyake bado vilinukia upya wa dukani. Ubaya ulikuwa kwenye kile kibao cheusi chini ya redio, cha kuchajia simu bila waya. Ukiilaza simu sawasawa, taa ndogo ya kijani inawaka. Ikisogea upana wa ukucha tu, inazima. Na kidude hicho ndicho Mwalimu alichokifanya hakimu wa mkewe!

Mwalimu alifundisha udereva. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata mkewe, hasa akiwa amemkasirikia. Mke huyo alikuwa fundi cherehani mwenye leseni mbichi kabisa, aliyoipata baada ya kufundishwa na mumewe huyohuyo kwenye gari la shule ya udereva. Lakini ufunguo wa gari la nyumbani? Thubutu!

"Leseni ni karatasi tu," alisema Mwalimu. "Dereva mzuri hasogezi hata simu. Siku utakayotufikisha sokoni na kuturudisha bila taa kuzima, ufunguo wako."

Fundi aliutaka ufunguo huo kuliko kitu chochote. Binti yao wa pekee alikuwa mjamzito, karibu kujifungua, anaishi upande wa pili wa mji, na Mwalimu kutwa yuko kazini na gari lake. Fundi hakutaka siku yenyewe imkute amesimama barabarani akibembeleza lifti. Alitaka kwenda kwa mwanawe mwenyewe, saa anayotaka.

Basi akajaribu. Alikata kona kana kwamba amebeba mtoto aliyelala. Alipanda matuta polepole mpaka walio nyuma wakampigia honi na kumtukania ukoo mzima. Taa ikazima tu. Na kila ilipozima, Mwalimu aliguna, mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu kutafuta breki ambayo haikuwapo. Kwenye gari la shule ana breki yake upande wa abiria. Kwenye hili hana, lakini mwambie mguu usikie!

"Umeona?"

"Nimeona nini? Simu hata haijatikisika!"

"Taa haidanganyi, Fundi."

Jumapili moja Mwalimu mwenyewe akashika usukani, eti amwonyeshe. Hawajatoka hata getini, taa ikazima. Fundi akakohoa. Mwalimu akaisukuma simu kidogo, taa ikawaka. Kufika barabarani, ikazima tena. Akasimamisha gari pembeni. Akaivuta simu kushoto, akaigeuza kichwa chini, akakipuliza kibao vumbi, akaibembeleza kwa maneno matamu ambayo mkewe hakuyasikia tangu enzi za uchumba. Wapi!

"Barabara mbovu hii," akasema.

Ilikuwa lami mpya, na gari limesimama.

Fundi akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaichukua ile simu, na vidole vyake vya kazi vikamwambia kitu. Kava. Kitambaa cha bluu, maua madogo pembeni, na ndani sponji tabaka mbili. Alilishona yeye mwenyewe, maana Mwalimu ana mkono wa kuangusha vitu. Simu imevikwa blanketi mbili, hiyo chaji ipite wapi?

"Lo! Kumbe mchawi ni mimi," akasema. "Mwalimu, vua hili kava. Ni nene, ndilo linalozuia."

Mwalimu akaipokonya simu na kuikumbatia kifuani. "Kava umenishonea kwa mkono wako. Halitoki. Wewe jifunze kukata kona."

Mwanamume amnyime ufunguo kwa sababu ya kitu anachokipenda kwa sababu yake! Fundi alikasirika. Na ndani ya hasira hiyo akaona raha kidogo, jambo lililomkasirisha zaidi.

Alhamisi mchana alikuwa akipiga pasi gauni la mteja, simu yake ikaita ukutani ilikochomekwa kwa waya wa kawaida. Alikuwa mkwewe.

"Mama, tuko hospitali, mambo yameanza. Mwenzangu anawataka. Nampigia baba tangu asubuhi, hapatikani."

Fundi akachomoa pasi. Papo hapo akasikia gari getini: Mwalimu amekuja kula, anapiga mluzi, hana habari. Alipoambiwa, mluzi ukafa mdomoni. Akaitoa simu, akaibonyeza, akaibonyeza tena. Nyeusi tii.

"Lakini ilikuwa kwenye chaji," akasema kwa sauti ndogo. "Asubuhi yote ilikuwa kwenye chaji. Mwanangu amenitafuta, Fundi, na mimi sipo."

Wakakimbilia garini, akajaribu kuchomeka ufunguo, ukamponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Akautazama ufunguo, akamtazama mkewe, kisha akaunyoosha kwake.

"Endesha wewe, mama."

Fundi hakungoja aambiwe mara mbili. Kabla hawajatoka getini Mwalimu alivua kava, akailaza simu tupu kibaoni. Taa ikawaka kijani safi, haijapata kuwaka hivyo tangu gari linunuliwe. Akashusha pumzi. Kona ya kwanza tu, simu isiyo na kava ikateleza kama sabuni, ikaruka, ikatokomea chini ya kiti cha nyuma.

Wakatazamana. Fundi ndiye aliyeanza kucheka, na Mwalimu akamfuata, machozi yakimlengalenga.

"Taa imezima," alisema Fundi, akiigiza sauti ya mumewe. "Nimefeli?"

"Tazama mbele," akasema Mwalimu. "Tufikishe kwa mwanetu."

Mbele likatokea tuta. Fundi alilipanda kwa kasi kidogo kuliko inavyofaa, na kwa mazoea akatega sikio asikie mguu ukikanyaga sakafu. Hakusikia kitu. Akamtupia jicho mara moja. Mwalimu alikuwa amekunja miguu yote miwili chini ya kiti, kama abiria yeyote, na kava la bluu ameliweka mapajani, amelishika kwa mikono miwili.