Punda wa Mabruka

Mwaka 1983, hapa Ibra, Omani, nilibandua gazeti kuukuu lililotandikwa ndani ya sanduku nililokuja nalo kutoka Unguja. Habari za michezo zilisema vijana wa mjini wamecheza raga na mabaharia wa manowari, na Soud, mume wangu, kang'oka jino. Siku yenyewe ya harusi yetu!

"Soud, si ulisema siku ile umechelewa na kung'oka jino kwa teke la punda wa Mabruka?"

Akaweka kikombe cha kahawa chini. "Ningemwambia baba yako nilikuwa nikikumbatiana na Wazungu uwanjani, angenioza?"

Miaka arubaini na saba nimemnyima Mabruka salamu kwa ajili ya punda huyo, naye jirani yangu tangu Unguja mpaka hapa. Nikatia halua sahanini, nikaenda kumgongea mlango, sijui hata nianzie wapi.