Miche Haikuwa Yangu

Shule ilinikataa Jumatano, nikiwa kwenye kaunta ya benki mjini Nyeri. Nilisoma ujumbe, nikaweka simu chini, nikamhudumia mzee aliyekuwa mbele yangu. Sikulia. Hata njaa sikuisikia siku hiyo.

Jumamosi nikaenda Gakindu kwa mama. Watu walikuwa wamenichosha na "Mungu ana mpango" zao. Mpango nilikuwa nao mimi, tena wa miaka: shule ile ya biashara huko ng'ambo, inayochukua watu wachache utadhani ni mbinguni. Mama alikuwa kwenye kitalu chake cha kahawa, akijaza udongo kwenye karatasi za nailoni za kupandia miche. Nilipomwambia, alisema tu, "Pole, mami," akanisogezea kigoda. Nilishukuru hakuanza kuomba.

Tukajaza udongo. Vidole vyangu vilishika baridi na sikujali.

"Kwa yale mahojiano ya shule walikuuliza nini?" mama akauliza.

"Niwaambie siku nilianguka, na vile niliinuka."

"Ukasema nini?"

"Ule mwaka jua lilikausha miche yote. Vile tuliomba mbegu kwa majirani tukaanza upya, na sasa watu wanatoka mbali kununua kwetu."

Mama akaacha kujaza. "Tulianza na nani?"

"Si ni sisi."

"Ngendo, wewe ulikuwa shule ya bodingi. Ulirudi ukapata miche imeota."

Hapo nikakumbuka mahojiano. Yule mwanamke aliyenihoji aliniuliza mara mbili, "Na wewe mwenyewe ulifanya nini?" Mara mbili nikamsimulia habari za mama. Tena nilimkasirikia, nikadhani hasikii vizuri.

"Basi si wangeita mimi," mama akasema, akicheka kidogo. "Ningeenda."

Nami nikacheka. Halafu nikajikuta nalia pale kwenye kigoda, mara ya kwanza tangu Jumatano, na sasa iliniuma kweli. Niliitaka ile shule. Niliitaka sana. Mama hakunikumbatia, aliendelea na kazi yake.

"Hadithi ya kuanguka hukuwa nayo," akasema baadaye. "Sasa uko nayo. Maliza kulia, hii udongo inakauka."