Chupa Iliyoandikwa Maji

Baba yetu alikuwa mpigaji. Alipiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa mguu wa kiti, na siku alipomvunja mdogo wangu mkono kwa ajili ya redio, nilimbeba mtoto mgongoni nikaondoka naye. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye kumi. Nikamwapia: hakuna atakayekuinulia mkono tena nikiwa hai. Alikua mtu wa maneno machache, hata chuoni wakamwita Kimya.

Chuo tulianza pamoja, mimi mtu mzima wa miaka ishirini na tisa. Wenzetu waliuliza kama nimekuja kumfunga kamba za viatu. Kwenye kemia ogania tukapangwa meza moja ya maabara. Kichwa ninacho, ila nina hasira za karibu. Nikikosea hesabu, kalamu inaishia ukutani. Najua nimezirithi kwa nani, na jambo hilo linanitisha kuliko mtihani wowote.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoa kafeini kwenye majani ya chai, zoezi la mwisho na lenye alama nyingi kuliko yote. Unachemsha majani, unaacha chai ipoe, unaitia kwenye faneli yenye koki pamoja na kiyeyushi kinachoivuta kafeini, unatikisa, unaiacha itulie. Vinajitenga vyenyewe, kimoja juu, kimoja chini. Wiki zote tulikuwa tumetumia kiyeyushi cha etha, nacho huelea, maji yakabaki chini. Safari hii chai ilikaa juu na rangi yake ya kahawia, chini kukawa na kitu cheupe kama maji ya bomba. Nikakikinga kwenye chupa, nikaandika kwa herufi kubwa: MAJI. Kisha nikaenda kupanga foleni ya mizani.

Niliporudi, mwanafunzi wa meza ya jirani alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Kafeini yenu mmeitupa! Kiyeyushi cha leo kinazama, hamkusikia?"

Nikamgeukia Kimya. "Umemwaga?"

"Nimemwaga kwenye pipa la taka. Dada, si chupa ili—"

Kofi lilimkata maneno. La pili lilirusha miwani yake ya maabara mpaka chini ya sinki. Nikampiga ngumi ya mdomo, akaangukia meza, faneli ikapasuka, chai ikammwagikia kifuani. Mori ulikuwa umenipanda, sioni, sisikii. Nikashika stendi ya chuma, nikamshushia begani, nikasikia mfupa. Alikuwa amenizidi kimo kwa kichwa kizima, angeweza kunikamata mikono yote miwili kwa mkono mmoja. Hakunyanyua hata kidole. Alijikunja chini kwenye vigae, vipande vya kioo vikimkata viganja, akafunika kichwa.

"Basi, baba! Basi, sirudii tena!"

Stendi ilikuwa bado juu. Fundi wa maabara, mama mfupi tuliyemwita Mama Miwani kwa alivyotugombeza tuzivae, aliukunja mkono wangu nyuma mpaka stendi ikaanguka. Wanaume wawili wakanibana ukutani. Mdogo wangu alitema jino, akalitazama kama halimhusu.

Mama Miwani hakupiga kelele. Alifunga kitambaa viganja vya Kimya, kisha akaichukua chupa yetu kutoka mezani. Ndani kulikuwa kumebaki kama kijiko kimoja. Akadondoshea maji ya bomba. Tone likakaa juu, likagoma kuchanganyika.

"Haya ni maji?" akauliza. Akaigeuza chupa darasa zima lione herufi. "Nani ameandika hapa? Maana aliyemwaga amemwaga alichoambiwa."

Mwandiko wangu unajulikana, ule wa kuegemea nyuma. Hakuna aliyenitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo mdogo wangu akasema kutoka pale chini, mdomo umejaa damu:

"Ni mimi, mama. Nimeandika mimi. Dada hana kosa."

Hivyo hivyo ndivyo alivyowaambia majirani siku ile ya redio, kwamba alianguka mwenyewe.

Hapana, nikasema moyoni, hili siliachi. Wale wawili walikuwa wamenilegeza. Nikainua mkono, kama mwanafunzi yeyote anayetaka kujibu, niseme ni mimi.

Kimya aliuona mkono ukipanda, akafunika kichwa.