Mgonjwa wa Chumba Namba Nne

Kwao, Mama Pacha alikuwa daktari wa watoto kwa miaka kumi na miwili. Huku ugenini alikuwa mgonjwa. Ndiyo kazi aliyoipata: kulala kitandani katika chuo cha udaktari, chumba namba nne, amevaa gauni la hospitali, akijifanya anaumwa ili wanafunzi wampime na mtahini awape alama. Jumatatu kidole tumbo, Jumanne kipandauso. Akirudi nyumbani mumewe humtania, "Leo umekufa na nini, mke wangu?"

Kucheka alicheka, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mtihani wa leseni alikuwa ameufanya mara mbili na kuanguka zote mbili, mara ya pili kwa alama tatu tu. Baraza la madaktari liliruhusu mara tatu, na hiyo ya tatu ilibakiza wiki sita. Asipotokea, faili linafungwa. Kulifungua upya kunataka vyeti kutoka chuo chake cha zamani, nacho kilifungwa siku vita vilipoingia mjini. Kwenda mbele hakuendeki, kurudi nyuma hakurudiki.

Nyumba yao ilikuwa na mlango mmoja tu unaofungika kwa ndani, wa choo. Humo ndimo alimosomea, ameketi juu ya kifuniko, kitabu magotini, magoti yakigusana na mashine ya kufulia.

"Mama, nimebanwa!"

"Dakika moja, mwanangu. Namalizia figo."

Alhamisi moja karatasi ya maagizo aliyopewa ilisema: mwanamke mwenye wasiwasi, moyo wake mzima. Wanafunzi wanne walimgusisha stethoskopu kifuani wakapita. Wa tano, msichana mwenye miwani mikubwa, alikawia. Akamlaza kwa ubavu wa kushoto, akasikiliza tena amefumba macho.

"Mama, ukipanda ngazi unahema?"

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi. Miezi minne sasa Mama Pacha alikuwa akisimama katikati ya ngazi za kwao, akijiambia ni uchovu wa kusoma. Stethoskopu yake mwenyewe ilikaa kabatini, na alijua vizuri kwa nini haitoi.

"Hapana," akajibu.

Msichana akamgeukia mtahini. "Samahani, mwalimu. Nasikia sauti ya ziada kati ya mapigo. Nadhani vali moja haifunguki vizuri."

Mtahini, mzee mkavu wa maneno, hakuinua hata kichwa. "Mgonjwa huyu moyo wake mzima. Usibuni maradhi." Akaandika sifuri.

Macho ya msichana yakalengwa na machozi. Mama Pacha akaitazama dari. Akisema, kazi imekwisha, maana mgonjwa wa kuigiza hatakiwi kuumwa. Atapelekwa hospitali, na huko hawatamwachia mpaka mtihani upite. Akinyamaza, ni wiki sita tu. Mtu hashindwi kuhema wiki sita. Msichana alikuwa ameshaushika mlango.

"Yuko sahihi," akasema Mama Pacha.

"Mama, tafadhali, fuata karatasi," mtahini akasema.

"Nimedanganya kuhusu ngazi. Sikiliza mwenyewe."

"Na wewe umejuaje?"

"Mimi ni daktari."

Miaka mitatu katika jengo lile hakuwahi kulitamka neno hilo. Mtahini aliinama, akasikiliza kwa muda mrefu. Aliponyanyuka akaifuta ile sifuri, wala hakumtazama tena usoni.

Vipimo vilionyesha vali iliyosinyaa, masalio ya homa ya utotoni. Upasuaji ukapangwa siku nane kabla ya mtihani.

"Nitafanya mtihani kwanza," akamwambia mumewe.

"Mganga hajigangi, Mama Pacha. Watoto wanataka mama, hawataki leseni."

Asubuhi yake akatia sahihi karatasi ya upasuaji. Siku ya mtihani ilimkuta wodini, mrija ubavuni, hawezi hata kuketi. Barua ya baraza ilifika wiki mbili baadaye, mistari minne: faili limefungwa.

Akaanza kuwaandikia wenzake wa zamani, waliotawanyika kila pembe, kama kuna aliyeokoa kumbukumbu za chuo. Wawili walijibu kumpa pole.

Kisha chuo cha udaktari kikampigia simu. Vali yake mpya ya chuma ilikuwa ikilia kama saa, na wanafunzi walihitaji kujifunza mlio ule. Je, angekubali kurudi? Safari hii hapana karatasi. Ajibu ukweli wake tu.

Alikubali. Angefanya nini?

Siku ya kwanza kijana mmoja alivuta kiti, akafungua daftari.

"Kazi yako, mama?"

"Daktari wa watoto."

Kijana akaandika. Kisha akauliza kwa adabu, "Ulistaafu lini?"

Mama Pacha alifungua vifungo vya gauni. "Sikiliza moyo kwanza," akasema. "Sogea karibu. Hapana, shuka chini kidogo. Hapo."